Mabomba ya juu hayakuambiwa

Jumamosi moja ya Machi tulikuwa watu wanne tu godauni: mimi, dereva wa foklifti na vijana wawili wa kupakia. Kwenye saa tano na nusu dereva akaingiza uma kabla hajanyoosha mashine, ncha ya kushoto ikatoboa mtungi wa thina, ile ya kuyeyushia rangi, wa lita 20, wa plastiki, uliokuwa safu ya chini kabisa. Hakuna kilichowaka. Nasema mapema usije ukasoma ukingojea moto. Kwenye kisa hiki moto hamna. Kilichotokea ni kwamba thina ilimwagika, nami nikaitazama inavyotembea.

Ilipita chini ya rafu. Ikapita chini ya paleti tatu za mafuta ya kupikia. Ikaukuta ule ufa wa sakafu tuliouziba kwa saruji mara mbili, na mara mbili ukakataa, ikaufuata kama mtu anayejua njia ya kwao. Kijana mmoja alikimbilia swichi kubwa ya stima, ambayo kwa bahati iko nje. Mwenzake akafungua milango yote miwili. Mimi na dereva tukawa tunasukuma mchanga kwa mabeleshi huku macho yanatoka machozi. Harufu ilipopungua nilipima doa kwa hatua zangu. Lilikaribia mita 10 za mraba. Mtungi mmoja huo, na kwenye paleti ile ile ilikuwako mingine 31.

Ndipo nikainua kichwa kutazama mabomba mekundu ya darini, yale ya vinyunyizi vya kuzimia moto, ambayo nimefanya kazi chini yake tangu 2009. Sikuwahi kuyawazia ubaya wala uzuri. Yalikuwa kama dari lenyewe. Siku hiyo nikajiuliza swali la kitoto: je, yale yanajua kuna nini huku chini?

Mimi ni stokipa. Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, nikaja Nairobi 2004 nikidhani ni kwa miaka miwili. Godauni letu liko kando ya Barabara ya Lunga Lunga, na tunahifadhi mali za watu: mafuta ya kupikia, mafuta ya injini, thina, tapentaini, mafuta ya nywele, sabuni, wakati mwingine biskuti. Mteja analeta, tunapokea, tunapanga, tunatoa kwa karatasi. Nilipoanza, thina ilikuja ndani ya madebe ya chuma na mafuta ya injini ndani ya mikebe ya bati. Ukiligonga debe unasikia kama limejaa au limevuja. Kisha bati likaanza kutoweka polepole, mteja mmoja mmoja. Bati hupata kutu, hubonyea, ni zito, bei yake juu. Plastiki ni nyepesi, na mtungi mtupu una soko lake; hapa Nairobi yenye mgao wa maji hakuna nyumba isiyo na mitungi ya njano jikoni, na ukiuliza ulikotoka utaambiwa ulikuwa wa mafuta. Sisi stoo tulifurahi, maana plastiki haikati vidole.

Halafu ikaja 2020 na korona. Kila mtu akawa anatengeneza sanitaiza, na spiriti ikaanza kuletwa ndani ya yale matangi meupe ya lita 1,000, plastiki iliyozungushiwa nondo za chuma na kuwekwa juu ya paleti. Vijana wetu wanaliita kizimba. Sanitaiza ikaisha kasi, vizimba vikabaki. Leo vinaleta kila kitu.

Hakuna siku moja ambayo ningeweza kusema ndiyo siku tuliyobadilisha. Ndiyo maana hakuna aliyeandika popote kwamba tumebadilisha.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwenye chumba cha pampu na kitambaa. Pale kando ya vali kubwa pana kibao cha bati kilichopigiliwa ukutani. Nimekiona miaka yote hiyo na sijawahi kukisoma, kwa sababu kilikuwa kimefunikwa na grisi na kalenda ya kiwanda cha rangi. Nikakifuta. Kilisema mabomba yalipigiwa hesabu ya milimita 5 za maji kwa dakika, juu ya eneo la mita 144 za mraba, kwa bidhaa za katoni na mikebe, zikiwa zimepangwa kimo kisichozidi kimo cha mtu mrefu. Rafu zetu zina ghorofa tatu. Mikebe ndiyo hiyo nimeshakueleza ilivyokwisha.

Nikampigia simu mzee mmoja, fundi wa mabomba, aliyekuwa akija zamani kutufanyia huduma kabla kampuni haijahamia kwa wengine. Amefunga mabomba ya moto Industrial Area tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuja Jumatano na spana mfukoni, kama mtu anayekuja kutazama mgonjwa wake wa zamani.

Kabla ya yote akaniondolea ujinga mmoja ambao nadhani wengi tunao, tumeupata kwenye filamu. Kule mtu anawasha kiberiti chini ya kinyunyizi, na jengo zima linanyesha. Sivyo. Kila kichwa kina kichupa cha kioo, chembamba kama kijiti, chenye maji ya rangi ndani. Rangi inakwambia joto lake: ya machungwa hupasuka kwenye digrii 57, nyekundu 68, manjano 79, kijani 93. Vyetu ni vyekundu. Kichupa kikipasuka, kichwa hicho peke yake ndicho kinachomwaga. Vya jirani vinangoja zamu yao. Mpango mzima ni kwamba vichwa vichache vifunguke mapema, moto ukiwa bado mdogo, na maji ya vichwa hivyo vichache yatoshe. Vikifunguka vingi mno, kila kimoja kinapata maji kidogo, na hapo umeshindwa, kwa sababu pampu ni ile ile na tangi ni lile lile.

"Sasa mama," akaniuliza, akigonga kizimba kwa kidole, "umewahi kuinjika mtungi wa plastiki mekoni?"

Nikacheka. Nani huinjika mtungi?

"Na debe?"

Debe, ndiyo. Kwenye harusi zetu kule pwani maji ya kupikia wali huchemshiwa kwenye debe, na debe hilo hilo litakwenda harusi ya mwaka ujao.

"Basi umemaliza chuo," akasema.

Alinifafanulia tukiwa tumekaa juu ya paleti tupu, na nadhani ni maelezo bora kuliko niliyoyapata baadaye kwa injinia, japo injinia ndiye aliyelipwa. Debe la chuma likizungukwa na moto linabaki na umbo lake kwa muda. Maji ya juu yakilimwagikia yanalipoza. Nalo lina maringo yake: likizibwa sana na kupata moto sana linaweza kupasuka kwa kishindo, usilichezee. Lakini linawapa maji nafasi ya kufanya kazi. Plastiki hii ya mitungi inayeyuka kwenye digrii 130 hivi, na moto wa kawaida una mamia ya digrii. Penye kimiminiko kwa ndani, ukuta wa mtungi unapozwa kidogo, kwa hiyo huanza kuinama juu, pale penye hewa. Lakini moto ukiwa chini yake, au ukishika ile bomba ya plastiki ya kufungulia kizimba, hutangoja dakika nyingi. Kilichomo kinatoka. Na kikitoka hakingoji pale kama katoni inayoungua mahali pake. Kinatembea. Umeona mwenyewe Jumamosi.

Kuna jambo la pili ambalo silisikii likisemwa. Plastiki yenyewe ni kuni. Imetokana na mafuta, na inapowaka, kilo yake hutoa joto linalokaribiana na kilo ya petroli, zaidi ya mara mbili ya kilo ya mti mkavu. Kwa hiyo bati lilikuwa ukuta kati ya moto na mali. Plastiki ni ukuta unaoungana na adui.

Na maji je? Hapa ndipo nilipojifunza kwamba "mafuta" ni neno moja kwa mambo mengi. Mafuta ya kupikia na ya injini ni mazito kushika: ya injini mpaka yapite digrii 200, ya kupikia yapite 300 ndipo mvuke wake ushike cheche. Yakiwaka, maji mengi yanayonyesha vizuri yanaweza kuyapoza mpaka yazimike. Neno ni "mengi". Thina ni kinyume chake: hata ikiwa imekaa kimya kwenye kivuli tayari inatoa mvuke unaoweza kushika, huwezi kuipoza chini ya hapo kwa maji ya bomba. Tena inaelea. Maji yakija inapanda juu yake na kusafiri nayo ikiwaka, kwa hiyo kinyunyizi kidogo kinaweza kuwa kinaupa moto usafiri wa bure. Spiriti ni tabia ya tatu: inachanganyika na maji, unaweza kuizimua kama unavyozimua sharubati. Ila piga hesabu. Kizimba kimoja cha spiriti ya asilimia 70 kina lita 700 za spiriti yenyewe. Kuifikisha asilimia 20 unahitaji kuongeza lita 2,500 za maji, na ziingie ndani ya dimbwi lenyewe, si pembeni. Hata hapo likiwa limepashwa moto bado hutoa mvuke unaoshika.

Sasa niseme la Nairobi yetu, maana hili lilinikosesha usingizi kuliko yote. Mama yangu alipokuja kunitembelea South B alilalamika wiki nzima kwamba maharagwe ya huku hayaivi, akasema ni makaa mabaya. Hayakuwa makaa. Huku tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye digrii 94 au 95 badala ya 100 za Mombasa. Hewa hiyo hiyo nyepesi huachia mvuke wa mafuta utoke kwa urahisi zaidi. Injinia alituambia kiwango cha kushika moto, yaani joto ambalo mvuke wa bidhaa huanza kuweza kushika cheche, kilichoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa ni cha usawa wa bahari. Huku toa digrii 4 hivi. Tapentaini yetu karatasi inasema 39. Toa 4, inabaki 35. Mwisho wa Machi nilining'iniza kipimajoto kwenye rafu ya juu, chini ya mabati, saa tisa alasiri kikasoma 34.

Niliishusha tapentaini yote chini siku hiyo hiyo. Vijana walinuna, maana ilikuwa Ijumaa.

Bosi wangu ni mtu wa hesabu, si mtu wa hofu. Ukimwambia "ni hatari" atakujibu kila kitu ni hatari, hata kuvuka barabara. Kwa hiyo nilimpelekea hesabu ya kibao. Milimita 5 kwa dakika maana yake lita 5 kwa kila mita ya mraba kila dakika. Mara 144 ni lita 720 kwa dakika, kwa saa moja ni lita 43,200. Tangi letu ni la lita 45,000. Aliyelijenga alijua anachofanya. Kila kitu kinaoana na kibao. Kisicholingana ni sisi.

Akamleta injinia. Kijana mpole, amevaa viatu vya kazi visivyo na vumbi, lakini anajua kitu chake. Alitembea na kompyuta yake kutwa nzima, akauliza maswali ambayo mkaguzi wa kila mwaka hajawahi kutuuliza. Na hapo niwe mkweli: sheria ya 2007 ya kupunguza hatari za moto kazini inatutaka tukaguliwe kila baada ya miezi 12, nasi tumekaguliwa. Mkaguzi anatazama mitungi ya kuzimia moto kama imejazwa, milango kama inafunguka, alama za kijani kama zipo. Anaandika "vinyunyizi: vipo". Vipo, ndiyo. Hakuna safu kwenye fomu yake ya kuandika mali imefungwa ndani ya nini.

Injinia alituambia kwamba kwa mafuta ya injini na ya kupikia, kwa rafu kama zetu na mitungi kama yetu, angeanzia kwenye milimita 24 kwa dakika juu ya mita 200 za mraba, na maji ya kutosha kumwagika kwa muda wa saa mbili. Zidisha: lita 4,800 kwa dakika, lita 576,000 kwa jumla. Ni karibu matangi 13 kama lile letu. Tena hapo bado anataka vinyunyizi vingine ndani ya rafu zenyewe, kila ghorofa, kwa sababu maji ya darini yanakutana na joto linalopanda na mengi hugeuka mvuke kabla hayajafika. Na moto unaoanzia kwenye paleti ya chini kabisa una paleti mbili juu yake za kuukinga na mvua hiyo.

"Na thina?" bosi akauliza.

"Ndani ya madebe ya chuma, naweza kukupigia hesabu."

"Nimekuuliza ndani ya plastiki."

"Ndani ya plastiki sina namba."

Bosi alidhani anatafuta hela zaidi. Sivyo. Akatuonyesha kitabu cha Wamarekani wanachokifuata mainjinia wengi, NFPA 30: vimiminiko vya kundi la kushika haraka, thina na spiriti zikiwamo, havikubaliwi kabisa ndani ya vizimba vya plastiki, hata ukivizungushia nondo. Hapo hakuna ukubwa wa pampu unaokuokoa. Jibu ni kutoviweka hivyo. Nilimpenda kwa jibu lile. Mtu anayeuza mabomba na akakwambia bomba halitasaidia, huyo msikilize.

Tulimuuliza pia kuhusu povu, kwa sababu bosi aliona uwanja wa ndege wana povu. Povu hutandaza shuka juu ya dimbwi na kuuzuia mvuke. Lakini spiriti huikata shuka hiyo, mpaka upate povu maalum la spiriti; povu la zamani lina kemikali zisizooza ambazo dunia sasa inazikimbia; na mafuta yanayotiririka yakiwaka kutoka ghorofa ya tatu ya rafu hayana mahali pa kutandikiwa shuka. Yeye mwenyewe aliyaita maporomoko.

Kisha akatuuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Tuseme mabomba yamefanya kazi, lita laki kadhaa zimemwagika. Zinakwenda wapi?

Nyamaa.

Kila mtu pale anajua zinakwenda wapi. Mtaro wa mbele ya lango letu unateremka kuelekea Mto Ngong, na kando ya mto ni mtaa wa mabanda wa Mukuru. Wawili katika vijana wangu wa kupakia wanakaa kule. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja kwenye bomba ilishuka na mtaro hadi kwenye nyumba za Sinai, si mbali nasi, ikashika, watu wapatao 100 wakafa. Asubuhi ile nilikuwa kazini. Sitaandika zaidi ya hapo.

Injinia akasimulia mambo mawili ya nje, nikayaandika kwenye daftari langu la kupokelea mali. La kwanza ni la Schweizerhalle karibu na Basel, Uswisi, Novemba 1986: ghala la kemikali la Sandoz liliungua, na maji ya kuzimia moto ndiyo yaliyobeba sumu hadi mto Rhine na kuua samaki. La pili ni la Dayton, Ohio, Mei 1987, ghala la rangi la Sherwin-Williams. Lilikuwa na vinyunyizi. Foklifti ilimwaga mali, mali ikashika, moto ukayazidi maji, na chini ya ghala kulikuwa na maji ya ardhini ambayo mji unakunywa. Zimamoto wakaamua kuliacha liungue kuliko kuyatia sumu. Aliposema "foklifti" dereva wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni na chai yake, aliondoka taratibu.

Tumefanya nini? Kidogo kuliko ninavyotaka, kingi kuliko nilivyotegemea.

Thina na spiriti zimetoka ndani ya godauni. Uani tumejenga chumba cha mawe, paa jepesi, matundu ya hewa chini na juu, kwa sababu mvuke wake ni mzito, hukaa chini kama paka. Sakafu yake imeshuka, mlango una kizingiti cha kuzuia chote kilichomo kisitoke, hata mapipa yote yakivuja. Ndani tunapokea chuma tu. Mteja mmoja amekubali kurudi kwenye mapipa ya bati, kwa malalamiko mengi. Mwingine ameondoka na mali yake, na bosi hajanisamehe sawasawa.

Milango ya godauni nayo imepata vizingiti vya zege vyenye mteremko ili foklifti ipite, na mtaro wa mbele umepata lango la chuma la kuteremsha kwa mkono. Mafuta ya kupikia na ya injini yamebaki ndani, lakini chini tu, ghorofa za juu za rafu zimepewa sabuni na biskuti. Ule ufa tumeuchimba na kuuziba mara ya tatu. Tuombe Mungu.

Na tangi! Karibu nisahau tangi. Tulipofungua kifuniko kulipima, lita 45,000 zilikuwa kama 20,000. Kumbe siku za mgao wa maji watu huchota humo kuoshea malori, na walinzi wana bomba lao la mpira la kuogea. Hakuna aliyeiba, waliona maji yamelala bure. Nimeweka kufuli, na nje nikaandika kwa rangi nyekundu. Siku mbili baadaye nikakuta sabuni na sponji vimewekwa kwa heshima juu ya kufuli. Nikawanunulia walinzi tangi lao dogo.

Kila Ijumaa saa tatu asubuhi sasa tunawasha pampu ya dizeli kwa nusu saa, maana stima ya huku ikipotea inapotea bila kuaga, na moto hauna desturi ya kungoja irudi. Mzee wa mabomba huja mara moja moja, bila kulipwa, kusikiliza mlio wake. Mabomba makubwa na vinyunyizi vya ndani ya rafu vimo kwenye bajeti ambayo iko mezani kwa bosi chini ya kikombe. Kile kibao nimekisafisha, sikukibandua. Kalenda nimeihamisha.

Jumanne iliyopita lori lilifika getini na karatasi iliyoandikwa "mafuta ya nywele, lita 8,000". Mteja yule tunamjua miaka mingi, mafuta yake huja kwa mapipa. Nikatoka mwenyewe nikamuuliza dereva yamewekwa ndani ya nini.

"Madam, si ni mafuta tu ya nywele?"

"Ndani ya nini, kaka?"

Akafunua turubai. Vizimba vinane, vyeupe, vipya. Nikamwambia asubiri. Nilimpigia mteja, ikaita. Nikampigia bosi, akasema atampigia mteja. Nikaomba karatasi ya bidhaa nione kiwango cha kushika moto, nikaambiwa itatumwa. Dereva alikula madondo na chapati kwenye kibanda cha ng'ambo, akarudi, akaniuliza kama bado, nikamwambia bado. Saa kumi na moja nilipokuwa nafunga ofisi, lori lilikuwa lingali pale nje, yeye amelala kwenye kiti, miguu dirishani.